Claudia Jones: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha na kazi yake

Claudia Jones alikuwa nani?

Alikuwa mwandishi wa habari, mtetezi wa haki za watu Weusi na kiongozi wa ngazi ya juu katika Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Alizaliwa Trinidad tarehe 21 Februari 1915, akakulia Harlem, New York, akafungwa kwa ajili ya siasa zake, akafukuzwa Marekani, na miaka yake tisa ya mwisho akaishi London. Huko ndiko alikofariki tarehe 24 Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 49.

Wengi wanaolijua jina lake wamelisikia likitajwa kuwa la "mama wa Kanivali ya Notting Hill". Anastahili sifa hiyo, ila ikisimama peke yake inamwacha nusu. Mwanamke aliyekodi ukumbi kwa ajili ya kanivali ndiye aliyeandika, miaka kumi kabla, kuhusu mama Mweusi anayefagia nyumba za watu kwa ujira wa kubahatisha. Ukomunisti wake ndio uliomfikisha kwenye kazi zote mbili, na majibu yafuatayo yameandikwa kwa kuzingatia hilo.

Kwa nini kuna mahali ametajwa kwa jina la Cumberbatch?

Ni jina lake la kuzaliwa: Claudia Vera Cumberbatch. Jones alilichukua alipoingia kwenye siasa za mrengo wa kushoto, ili kujikinga na macho ya serikali.

Alifikaje Marekani?

Biashara ya kakao ilianguka Trinidad, na hali ya familia ikaanguka nayo. Wazazi wake walitangulia New York mwaka 1922. Claudia na dada zake wakawafuata mwaka 1924, yeye akiwa na miaka minane. Baba yake, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Wakaribi wa Harlem, alipoteza kazi hiyo na kuishia kwenye kazi za kuhangaika. Mama yake alishona nguo kiwandani na alifariki akiwa na miaka 37, wakati Claudia bado msichana mdogo. Baadaye Claudia aliandika kwamba kifo kile hakikuwa cha maradhi tu. Karakana isiyo na chama cha wafanyakazi, kazi ya kukimbizwa mbio, ulezi wa watoto na uzito wa kuanza maisha ugenini vyote vilichangia.

Nyumba yao ilikuwa na unyevu na hewa chafu. Akiwa na miaka 17 aliugua kifua kikuu na kulazwa karibu mwaka mzima katika hospitali ya Sea View, Staten Island. Mapafu yake hayakupona sawasawa tena. Mtu akisoma orodha ya aliyoyafanya mwanamke huyu ni vizuri akumbuke kwamba aliyafanya akiwa mgonjwa.

Shuleni alikuwa hodari, na aliwahi kutunukiwa tuzo ya uraia mwema yenye jina la Rais Theodore Roosevelt. Uraia wenyewe aliuomba na akanyimwa. Baada ya sekondari hapakuwa na ada ya chuo. Alifanya kazi kwa dobi, kiwandani, kwenye karakana ya kofia na dukani.

Nini kilimfanya aingie Chama cha Kikomunisti?

Kesi ya Scottsboro, na vita vya Uhabeshi (Ethiopia).

Mwezi Machi 1931, vijana tisa Weusi waliokuwa wamedandia treni ya mizigo walikamatwa Alabama wakisingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa Kizungu. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Ndani ya wiki chache wanane kati yao wakahukumiwa kifo na wazee wa baraza la mahakama lililokuwa la Wazungu watupu. Mmoja wa wanawake hao alikuja kukana ushahidi wake mahakamani mwaka 1933, na bado vijana walisota gerezani kwa miaka. Shirika la utetezi lililoongozwa na wakomunisti ndilo lililowatafutia mawakili, likawazungusha mama zao mijini kueleza habari ya watoto wao, na kuifanya kesi ile ijulikane duniani. Rufaa zake mbili zilifika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1932 na 1935, zikaweka msingi kwamba mshtakiwa anayekabiliwa na kifo ana haki ya wakili wa kweli, na kwamba watu Weusi hawawezi kuondolewa kwa makusudi kwenye baraza la mahakama.

Claudia alizisikiliza habari hizi kwenye kona za mitaa ya Harlem, ambako wasemaji walipanda juu ya ngazi ndogo na kuhutubia wapita njia. Wakati huo alikuwa akiandika katika gazeti moja la watu Weusi. Oktoba 1935 Italia ilipoivamia Uhabeshi, aliandika mihtasari ya yaliyokuwa yakisemwa kuhusu vita hivyo, na mkubwa wake wa kazi akawa anaisoma mbele za watu kana kwamba ni yake. Alichokiona Claudia ni kwamba wale wa kwenye kona waliweza kuunganisha kamba ya mnyongaji Alabama na mabomu ya Mussolini, wakaonyesha kwamba yote mawili yanatoka shina moja. Februari 1936 akajiunga na Umoja wa Vijana Wakomunisti.

Msomaji wa leo anauliza, kwa nini si chama kingine? Kwa sababu chama cha Democratic, kilichotawala Marekani wakati huo, kilikuwa kinaogopa kupoteza kura za Wazungu wa Kusini, na hata sheria ya kuzuia watu kuuawa na makundi ya wahuni ilikwama kwenye Seneti. Wakomunisti walikuwa karibu peke yao, miongoni mwa vyama vyenye Wazungu wengi, waliodai usawa kamili bila kusema "ngojeni kwanza".

Alifanya kazi gani ndani ya chama?

Kalamu na jukwaa. Alihariri magazeti ya vijana wa chama, kisha akawa mhariri wa masuala ya watu Weusi katika Daily Worker, gazeti kuu la chama. Mwaka 1947 alikabidhiwa ukatibu wa tume ya wanawake, na mwaka 1948 akaingia Kamati ya Taifa. Alizunguka majimbo mengi akiunda matawi ya wanawake.

Makala yake maarufu ya mwaka 1949 inasema nini?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, na ningeomba msomaji asiliruke.

Juni 1949, katika jarida la nadharia la chama, Claudia alichapisha makala ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni sawa na "Tukomeshe Kuyapuuza Matatizo ya Mwanamke Mweusi!" Hoja yake ya msingi ni kwamba mwanamke Mweusi ananyonywa mara tatu kwa mpigo: kwa kuwa mfanyakazi, kwa kuwa Mweusi na kwa kuwa mwanamke. Hayo matatu, anasema, hayaji kwa zamu. Yamesukwa pamoja kiasi kwamba ukijaribu kuuvuta uzi mmoja tu, fundo linazidi kukaza. Kwa hiyo anayetetea wafanyakazi huku akimsahau huyu hajamtetea mfanyakazi wa chini kabisa, ambaye ujira wake ndio unaotumika kushusha ujira wa wengine wote.

Mfano wake mkuu ni mfanyakazi wa ndani. Wakati wa vita vya pili vya dunia wanawake wengi Weusi walipata kazi viwandani. Vita vilipokwisha wakasukumwa kurudi jikoni mwa watu. Huko hakuna saa za kazi zinazoeleweka, hakuna chama, hakuna shahidi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani na vibarua wa mashambani, na sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 ikawaacha nje vilevile. Hizo ndizo kazi zilizokuwa zimejaa watu Weusi. Claudia alitaka vyama vya wafanyakazi viache kuwaona wanawake hawa kama watu wasioweza kujipanga.

Kisha anawageukia wenzake. Makala ile ilichapishwa katika jarida la chama chake mwenyewe, na humo anawashutumu Wazungu wa mrengo wa kushoto wanaoimba usawa mikutanoni lakini nyumbani wanaishi na mfanyakazi wao kama bibi na kijakazi. Wanaokutana na mwanamke Mweusi msomi na jambo la kwanza linalowajia ni kumuuliza kama hana ndugu anayetafuta kazi ya ndani. Aliwaambia wanaume Weusi pia kwamba wana deni. Si kila kiongozi anayeweza kuandika hivyo huku anategemea chama hichohicho kwa mlo na ulinzi.

Jambo la tatu kwenye makala hiyo husahaulika: hamwoni mwanamke Mweusi kama wa kuhurumiwa. Anaonyesha kwamba ndiye aliyebeba familia, makanisa na vyama vya kusaidiana, na kwamba watawala wanamwogopa kwa sababu akisimama, watu wake wote husimama naye. Anamtaja Rosa Lee Ingram, mjane wa jimbo la Georgia mwenye watoto kumi na wawili, aliyehukumiwa kifo mwaka 1948 pamoja na wanawe wawili baada ya jirani Mzungu kuuawa katika ugomvi uliotokana na yeye kumshambulia mama huyo. Kampeni ya wanawake ilisaidia adhabu ya kifo ibadilishwe kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1959 wote watatu wakaachiwa.

Mkataba wa kimataifa wa kazi staha kwa wafanyakazi wa ndani ulipitishwa Geneva mwaka 2011, miaka 62 baada ya makala ile. Msomaji aliyepo Nairobi, Dar es Salaam au Muscat, awe ameajiri dada wa kazi au awe yeye ndiye aliyesafiri kwenda kufanya kazi hiyo, hatahitaji kuelezwa kwa nini maandishi haya bado yana moto.

Alifungwa kwa kosa gani?

Kwa kusema na kuandika. Sheria ya Smith ya mwaka 1940 ilifanya kuwa jinai kufundisha au kuhimiza kupinduliwa kwa serikali kwa nguvu. Baada ya vita serikali iliitumia kuwakamata viongozi wa Chama cha Kikomunisti, kundi baada ya kundi. Claudia alikamatwa mara ya kwanza Januari 1948, kwa shauri la kumfukuza nchini. Mwaka 1950 akakamatwa tena na kuzuiliwa Ellis Island, kisiwa kilekile ambacho wahamiaji walipitia wakiingia Marekani. Juni 1951 akashtakiwa pamoja na viongozi wengine chini ya Sheria ya Smith.

Moja ya vielelezo dhidi yake ilikuwa makala iliyotokana na hotuba aliyoitoa Siku ya Wanawake Duniani, 8 Machi 1950, akiwataka wanawake waungane kupinga vita na silaha za nyuklia. Kabla ya kuhukumiwa mwaka 1953 alipewa nafasi ya kusema, na alimwambia jaji kwamba upande wa mashtaka ulitoa jalada la makala kuthibitisha kwamba ameiandika, lakini haukuthubutu kuwasomea wazee wa baraza hata mstari mmoja. Nimeisoma hotuba hiyo mara nyingi. Haombi huruma hata mahali pamoja.

Adhabu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na faini ya dola 200. Moyo wake ulikuwa tayari umedhoofika na alilazwa hospitali mwaka huohuo. Rufaa iliposhindikana aliingia gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, Januari 1955, akatoka Oktoba. Humo alikuwa pamoja na Elizabeth Gurley Flynn, mkongwe wa harakati za wafanyakazi, ambaye Claudia alimwandikia shairi.

Je, alikuwa jasusi wa Urusi?

Hapana, na hakuwahi kushtakiwa kwa ujasusi. Wala hakushtakiwa kwa kushika silaha au kupanga shambulio.

Kwa nini alipelekwa Uingereza badala ya kurudishwa kwao Trinidad?

Trinidad ilikuwa bado koloni. Gavana wa Kiingereza aliona kwamba mwanamke huyu angekuja kuleta matata, wakati ambapo visiwani madai ya uhuru yalikuwa yakipamba moto. Kwa kuwa alizaliwa chini ya bendera ya Uingereza, London ikakubali kumpokea, kwa hesabu kwamba huko atamezwa na umati. Usiku wa tarehe 7 Desemba 1955 mamia ya marafiki walimuaga katika Hotel Theresa, Harlem. Siku mbili baadaye akapanda meli Queen Elizabeth. Marekani, alikoishi zaidi ya miaka thelathini, hakurudi tena.

Wakomunisti wa Uingereza walimpokeaje?

Kwa ubaridi. Kiongozi aliyekaa Kamati ya Taifa New York alipewa kazi ndogondogo, na alipozungumzia ubaguzi ndani ya chama chenyewe hakusikilizwa vya kutosha. Aliendelea kuwa mkomunisti hadi kufa, lakini kazi yake kubwa ya London aliifanya na Wakaribi, Waafrika na Waasia wenzake, nje ya ofisi za chama.

Gazeti lake lilikuwa la namna gani?

West Indian Gazette lilianza Machi 1958, ofisini ghorofani kwenye Brixton Road, kusini mwa London. Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey, alikuwa miongoni mwa waliolisimamisha. Baadaye jina likapanuliwa kutaja pia Waafrika na Waasia. Lilikuwa gazeti la kila mwezi, lakini lilitoka pesa zilipopatikana. Mchapishaji akidai, toleo linachelewa. Humo waliandika waandishi waliokuwa wakijulikana, George Lamming na Jan Carew kati yao. Aliandika pia Donald Hinds, kijana wa Jamaika aliyekuwa kondakta wa basi, na mimi namwona huyu kuwa ndiye anayelieleza gazeti vizuri zaidi: mtu anashuka kwenye zamu ya basi, anakwenda kuandika habari.

Ukurasa mmoja ulikuwa na habari za vyumba vya kupanga na ubaguzi kazini, mwingine habari za uhuru wa Afrika, mwingine mashairi na hadithi. Mwaka wa kwanza tu ofisi ililetewa barua ya vitisho yenye jina la Ku Klux Klan. Gazeti liliongoza upinzani dhidi ya Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962, iliyofunga mlango uliokuwa wazi kwa watu wa makoloni na wa nchi zilizotoka kupata uhuru. Sheria ile haikumgusa Mjamaika peke yake: Mkenya na Mganda pia walihusika.

Ndiye aliyeanzisha Kanivali ya Notting Hill?

Ndiyo na hapana. Mwishoni mwa Agosti 1958 magenge ya vijana wa Kizungu yaliwashambulia watu Weusi mitaani Notting Hill kwa siku kadhaa. Claudia na wenzake walitafuta jinsi ya kuosha uchungu ule, na jibu likatoka Trinidad: kanivali. Tarehe 30 Januari 1959, katikati ya baridi, wakaifanya ndani ya ukumbi wa St Pancras, ikionyeshwa na televisheni ya BBC. Kulikuwa na kalipso, bendi za mapipa ya chuma, ngoma na mashindano ya urembo ambapo wasichana Weusi walivikwa taji katika mji ambao matangazo yake ya vipodozi hayakuwa na sura kama zao. Katika kijitabu cha siku hiyo Claudia aliandika kwamba sanaa ya watu ndiyo chimbuko la uhuru wao. Kijitabu hichohicho kilitangaza kwamba sehemu ya mauzo yake itasaidia kulipa faini za vijana, Weusi na Wazungu, walionaswa katika vurugu zile. Na Wazungu! Soma tena sentensi hiyo ndipo utajua alikuwa mtu wa aina gani.

Kanivali za ukumbini ziliendelea kila mwaka hadi alipofariki. Sherehe ya mtaani Notting Hill ilianza katikati ya miaka ya 1960, ikiwa na waandaaji wake, Rhaune Laslett akiwa maarufu zaidi kati yao. Kwa hiyo Claudia hakuianzisha ile ya mtaani, ila alikuwa ameshawazoesha wakazi wa London kuona kanivali ya Karibi kama jambo lao.

Karibu miezi minne baada ya kanivali ya kwanza, Mei 1959, Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu na kuuawa Notting Hill na vijana wa Kizungu. Hakuna aliyehukumiwa. Claudia alikuwa mstari wa mbele kuandaa wito wa haki, na zaidi ya watu elfu moja walijitokeza mazikoni.

Je, kuna mambo ya kumkosoa?

Yapo, na asomwe nayo. Alifuata msimamo wa chama kuhusu Muungano wa Kisovieti hata pale ulipogeuka ghafla. Mwaka 1940 aliandika kijitabu kuwataka vijana Weusi wasikubali kupigania jeshi lenye ubaguzi. Baada ya Hitler kuivamia Urusi Juni 1941, akawa anahamasisha vita vipiganwe kwa nguvu zote hadi ushindi. Hoja dhidi ya ubaguzi jeshini ilikuwa ya kweli katika vipindi vyote viwili, ila aliyegeuza usukani alikuwa Moscow. Kuhusu wahanga wa Stalin hakuacha maandishi yanayolingana na ukali aliokuwa nao kuhusu Georgia na Alabama. Hilo ni pengo kubwa kwa mtu mwenye dhamiri kama yake, na kulisema hakupunguzi ukweli wa makala ya 1949.

Aliolewa? Alikuwa na watoto?

Aliolewa na Abraham Scholnick mwaka 1940, wakaachana mwaka 1947. London aliishi na kufanya kazi na Abhimanyu Manchanda, mkomunisti kutoka India. Hakuwa na watoto.

Alifariki vipi, na amezikwa wapi?

Mwaka 1963, watu walipoandamana Washington kudai haki za kiraia, Claudia alisaidia kuandaa maandamano ya kuwaunga mkono hadi ubalozi wa Marekani London. Mwaka 1964 alikwenda Japani kwenye mkutano wa kupinga mabomu ya atomiki, akapitia China. Aliporudi alikuwa amechoka. Moyo ulisimama mkesha wa Krismasi, akiwa peke yake nyumbani, na alikutwa siku iliyofuata. Mazishini ilisomwa salamu ya Paul Robeson, mwimbaji Mweusi wa Marekani. Majivu yake yako makaburi ya Highgate, kushoto mwa Karl Marx. Jiwe la kaburi liliwekwa mwaka 1984 tu. Gazeti lilijikongoja kwa matoleo machache, likafa mwaka 1965.

Mwaka 2008 posta ya Uingereza ilimweka kwenye stempu.

Nianze kusoma nini?

Anza na makala ya Juni 1949. Ni ndefu, isome kwa vipande. Fuata na hotuba yake mahakamani ya mwaka 1953. Halafu barua ya Desemba 1955 kwa William Foster, mwenyekiti wa chama, ambamo anasimulia utoto wake siku chache kabla ya kupanda meli. Malizia na makala yake ya mwaka 1964 kuhusu Wakaribi waishio Uingereza. Vyote hivyo vimechapishwa upya. Kwa Kiswahili bado sijaona tafsiri kamili ya hata kimoja, na kama kuna mtafsiri anayesoma hapa, hotuba ya mahakamani ni fupi kuliko vingine.